Mgeni Asiyepewa Jembe

Ajinabi anayekuja kufundisha Kiingereza katika nchi ya Meru au ya Embu, awe ametoka Ohio au Leeds au Toronto, aghalabu hujiandaa kwa mambo yasiyompata, na yale yatakayompata humkuta hana habari nayo. Hujiandaa kwa jua, akapokewa na baridi. Hujifunza Kiswahili kwa bidii, akafika mahali ambapo bibi anayemuuzia ndizi hasemi ila Kimeru. Huwahofia simba, ambao wako mbali nyikani katika mbuga ya hifadhi, ilhali atakayemnyima usingizi ni mzazi wa mwanafunzi, aliyebisha hodi alfajiri akiomba karo. Lakini zito kuliko hayo yote ni jambo ambalo mafunzo ya kabla ya safari hayalielezi sawasawa, nalo ni heshima. Wenyeji humheshimu mwalimu mgeni kupita kiasi: humkalisha kwenye kiti kilicho bora, humtangulizia chakula, humsifu kwa neno moja la Kimeru alilolitamka vibaya, nao huweza kuendelea hivyo mwaka mzima pasipo kuchoka. Sisi tuliozoea kusema kwamba mgeni ni siku mbili na ya tatu apewe jembe tungestaajabu kuona jinsi jembe lile linavyocheleweshwa kwa mgeni wa namna hii. Na kwa kadiri nilivyoona, kukaa kwake vyema au vibaya hutegemea zaidi ni lini atapewa, na kama atakuwa na busara ya kulipokea.

Nasema hayo mimi mtu wa pwani, niliyepelekwa na kazi Embu kisha Meru, nikawa mgeni mmoja baina ya wageni, nisiyejua kuwasha kuni mbichi wala kula githeri bila ya kuuliza nazi iko wapi. Nchi yenyewe imelala mashariki ya Mlima Kenya, ambao kilele chake kirefu kina mita 5,199, na barabara itokayo mji wa Embu kwa njia ya Runyenjes na Chuka na Nkubu hata kufika mji wa Meru haipati mwendo wa sawa, bali hushuka bonde na kupanda mgongo, ikashuka na kupanda tena, kwa kuwa mito ya upande ule, Thuci na Nithi na mingineyo, huteremka yote kutoka mlimani na imeichimba ardhi nyekundu mabonde yasiyohesabika. Juu, mpakani mwa msitu, ni chai. Chini yake ni kahawa na migomba. Na chini zaidi, katika nchi za Mbeere na Tharaka, ni mtama, mawele, ndengu na joto kali. Mwalimu aliyepangwa Chogoria na mwenziwe aliyepangwa Ishiara waweza kutembeleana na kurudi siku moja, na bado wasiafikiane hata chembe wakiulizwa mtu aje na nguo gani.

Waalimu wa kwanza wa Kiingereza huku walikuwa wamisheni. Wamethodisti walijenga Kaaga, jirani na mji wa Meru. Mapadri wa Konsolata kutoka Italia, ambao kwao Kiingereza kilikuwa lugha ya kuazima kama ilivyokuwa kwa wanafunzi wao, walienea Imenti na Tigania. Waanglikana walishika Kigari upande wa Embu. Na Wapresbiteri wa Uskochi walifungua Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Clive Irvine. Watu hao, tuwapende au tusiwapende, hawakuja kwa mkataba wa miaka miwili. Walikuja kuzeeka, na wako waliozikwa huku huku.

Kundi la pili lilikuja kwa sababu nyingine kabisa. Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Disemba 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000, na wale Waafrika wachache waliokuwa na shahada walikuwa wakingojewa kwa pupa katika ofisi zilizoachwa na Waingereza, hata ikawa nadra kumpata mmoja wao aliyeridhika kushika chaki. Pengo hilo lilizibwa na vijana wa kigeni. Shirika la Kiingereza la VSO, lililoanzishwa mwaka 1958, lilikuwa likituma hata wavulana wa miaka kumi na minane waliomaliza shule jana. Mpango ulioitwa Teachers for East Africa ulianza mwaka 1961, ukawapitisha waalimu wa Kimarekani chuoni Columbia, New York, kisha Makerere, kabla ya kuwatawanya Kenya, Uganda na Tanganyika. Na vijana wa Peace Corps, ambayo Rais Kennedy aliiunda mwaka huo huo wa 1961, walianza kazi Kenya mwaka 1964. Wakati huo raia walikuwa wamekwisha kuitikia mwito wa Harambee, nao wakulima wa kahawa wa Imenti, na wa Embu kadhalika, walikuwa wakijenga shule kwa mawe yao na mabati yao kabla hawajajua mwalimu atatoka wapi. Hata ilipotimia miaka kumi ya uhuru, shule za namna hiyo zilizizidi za serikali kwa idadi. Kamati ya wazee iliyokuwa na jengo lisilo na mwalimu, na kijana wa Kimarekani aliyekuwa na cheti lakini hajui aende wapi, walikutana hivyo, na mikutano yao ilizaa vichekesho vingi na wasomi wengi pia.

Sasa tumfuate mgeni nyumbani kwake. Nyumba atakayopewa ni ya shule, nayo kwa kawaida imo ndani ya ua wa shule, hatua chache kutoka mabwenini, ili kila atakalofanya lionekane. Maji ni ya tangi la mvua, na yakikauka ni ya mtoni. Taa zamani ilikuwa ya chemni, au karabai kwa mwenye nafasi, na siku hizi ni umeme, ambao nao huwa na tabia ya kukatika mawingu yakianza tu kujikusanya. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni ukakaa siku kucha, manyunyu hayasimami, na mwalimu aliyeacha sweta zake Ohio kwa kudhani kwamba Afrika ni joto tupu, seuze mahali palipokaribiana hivi na mstari wa Ikweta, huonekana Jumamosi katika soko la Gakoromone mjini Meru akipekua marundo ya mitumba, ambamo si ajabu akaokota sweta yenye jina la chuo cha kwao.

Mvua ina mambo yake mengine. Masika ni Machi hadi Mei, lakini upande huu wa mlima mvua inayotegemewa zaidi na wakulima ni ile ya Oktoba hadi Disemba, na kwa kawaida hupenda kunyesha alasiri. Darasa limeezekwa mabati, halina dari. Mvua inapoanza, sauti ya mwalimu humezwa mara moja. Hupaza, akapaza zaidi, mishipa ya shingo ikamtoka, na wanafunzi arobaini humtazama kwa huruma bila ya kusema neno, mpaka mwisho huona kwamba hakuna anayemsikia, na kwamba mwenzake wa darasa la pili, mzaliwa wa Nkubu, amekaa kimya mezani pake tangu tone la kwanza, akisahihisha madaftari, na wanafunzi wake wameinama wanaandika insha ambayo aliwaandikia kichwa chake ubaoni kabla ya mawingu kufika. Taratibu hii ya kuweka insha alasiri za Novemba haimo katika mwongozo wowote wa mafunzo, wala mwalimu wa Nkubu hataieleza asipoulizwa, kwa sababu si adabu kumfundisha mgeni kazi yake.

Hapo ndipo heshima inapogeuka kuwa ukuta. Mwalimu mgeni huuliza darasa, "Mmeelewa?" na darasa zima huitikia kwamba limeelewa. Hawakuelewa. Kiingereza chao walikipata kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekipata kwa mmisheni au kwa kitabu, chenye irabu zilizo wazi kama za lugha zao na kila silabi ikipewa haki yake, na sasa amekuja mtu anayekisemea puani, akizimeza herufi nusu na kuziviringa zilizobaki. Lakini kumwambia mkubwa kwamba hasikiki ni utovu wa adabu, basi husema ndiyo, na jioni humwendea mwalimu wa hesabu awafasirie. Wapo wageni waliokaa muhula mzima wakiandika barua kwao kusifu utulivu wa wanafunzi wa Kenya. Walio werevu hugundua mapema kwamba ule utulivu ni dalili ya hatari. Huanza kusema polepole, huandika ubaoni kila neno jipya, na huuliza maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo wala kwa siyo.

Na mafunzo yenyewe yalikuwa na vituko vyake. Katika zama za mtihani wa Cambridge, vijana wa Meru waliwasoma mashujaa wa Shakespeare sawa na vijana wa Uingereza, na sioni kwamba walipata hasara. Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili akatuchapishia mwaka 1963, angekubaliana nami. Taabu ilikuwa katika vitabu vya mazoezi, ambavyo kila sentensi ya pili ilikuwa na gari la moshi la chini ya ardhi, au chai ya saa kumi kwa shangazi. Waalimu wageni hupenda kusimulia jinsi walivyoshindwa kueleza theluji. Hao sijui walikuwa wakitazama wapi, maana theluji iko pale pale: asubuhi ya Januari, kabla ya saa tatu, kabla mawingu hayajaufunika mlima, mtoto yeyote wa Embu aliyesimama katika mstari wa shule huiona kileleni, na babu yake alimwonyesha akamwambia ni makao ya nani. Asichojua mtoto yule ni jinsi inavyohisi mkononi. Na mgeni anajua hilo peke yake, hajui mengine. Somo zuri kuliko yote ya Kiingereza niliyoyasikia huku lilikuwa la kubadilishana ujuzi huo, mwalimu akisema nusu yake na wanafunzi nusu yao, na kwa muda wa nusu saa hakuna aliyekumbuka kuwa ni mwiko kukosea.

Katika lugha nyingine, mgeni hukutana na fumbo jingine. Kiswahili alichofundishwa, chenye ngeli zake zote kamili, humfaa stendi ya mabasi, dukani, na kwa askari. Sokoni humfaa nusu, na wenye maduka humcheka kwa kusema kisafi kuliko wao, jambo ambalo mimi wa pwani nalijua vizuri. Lakini nyumbani kwa watu ni Kimeru, na Kimeru chenyewe si kimoja, maana cha Imenti si cha Igembe wala cha Tharaka, na Wachuka watakuambia kwamba wao ni Wachuka. Kadhalika Mwembu na Mmbeere ni majirani wasiopenda kuchanganywa. Ajinabi aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wote, ijapokuwa hakuwa mwalimu wa shule, alikuwa H. E. Lambert, D.C. wa Meru katika miaka ya 1930, ambaye alijifunza taratibu za wazee wa baraza la Njuri Ncheke mpaka akawatetea mbele ya serikali yake mwenyewe, kisha baadaye akatugeukia sisi watu wa pwani akaziandikia lahaja za Kivumba, Chijomvu na Chichifundi vitabu ambavyo wanazuoni wetu wanavitumia hadi leo.

Jambo moja linamkera kila mgeni mwenye insafu, nalo ni ile adhabu ya lugha ya mama. Katika shule nyingi, mwanafunzi aliyeteleza akasema Kimeru uwanjani alivishwa kibao au kipande cha mfupa, naye hakukivua mpaka amnase mwenziwe aliyekosa vile vile, na jioni wote waliokivaa walichapwa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, kibao kikachelewa kidogo. Mwalimu wa Kiingereza ambaye yeye mwenyewe usiku anajikongoja na msamiati wa Kimeru kwa mwanga wa taa hujikuta mchana ni mlinzi wa sheria inayomwadhibu mtoto kwa kuusema, na wako waliokataa kukitundika kile kibao, wakaonekana wadhaifu. Mimi naona walikuwa na haki.

Turudi kwenye karo. Mzazi aliyekuja alfajiri hakuja mikono mitupu. Amekuja na kuku, au mkungu wa ndizi, na mara nyingine amekuja na mzee wa ukoo ambaye hasemi kitu, yuko kama shahidi. Wanakaa. Wanakunywa chai. Wanauliza habari za mvua ya Marekani. Baada ya muda mrefu, wakati mgeni amekwisha kuchelewa kipindi cha kwanza, mzee hukohoa, na mzazi husema kwamba mtoto amerudishwa nyumbani. Kijana wa kujitolea, ambaye posho yake haizidi mshahara wa mwalimu wa kawaida, haaminiki akisema hana, kwa sababu amekuja kwa ndege. Akitoa, kesho watakuja watatu. Asipotoa, kuku yuko jikoni anamlilia. Wenye uzoefu hupeleka kile walichoweza kwa mhasibu wa shule, jina la mwanafunzi likaandikwa kwenye stakabadhi na la mtoaji lisitajwe, na kuku humrudishia mzazi kwa namna ya zawadi nyingine kabla ya mwezi kwisha.

Watu wa nje wakisikia habari hizi hudhani kwamba kuombwa ndiko kunakomchosha mgeni. La, kinachomchosha ni kuombwa kama mfadhili. Kwani huku kila mtu anaombwa: seremala anaombwa, muuguzi anaombwa, mwalimu mkuu anaombwa kuliko wote. Siku ya harambee ya kanisa au ya matanga, mwenye kipaza sauti husoma majina na fedha moja baada ya moja, makofi yakafuata kwa kadiri ya kiasi, na mgeni asiyejua hutoa nyingi kwa haya, akapigiwa makofi marefu, na ukuta ule wa heshima ukaongezwa kozi mbili za mawe. Mwalimu mmoja wa kike wa Kikanada niliyemjua alitumia hila tofauti. Alimwendea mwalimu mwenziwe wa jikoni na ushonaji, akamuuliza yeye atatoa ngapi, naye akatoa hizo hizo. Jina lake lilisomwa baina ya la mwuza maziwa na la fundi cherehani, makofi yakapigwa mawili matatu kama kwa wengine, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Wiki ile ile mpishi wa shule alimgombeza mbele za watu kwa kuwa alimpita njiani bila ya kumwamkia, na fundi cherehani akamtuma mjini amnunulie nyuzi. Alikuja kunishitakia, na nilipomwambia kwamba amepewa uraia alidhani nafanya mzaha. Baadaye wenyewe walimpa jina, Makena, wakaacha kumwita madam.

Yako mengine ambayo si ya kukawilisha msomaji. Miraa ya Igembe atapewa, na asipoitaka hakuna atakayekasirika. Matatu itamtisha, hasa inapoteremka kwenye daraja la Nithi, ambapo ajali zimewapoteza watu wengi na wasafiri wa kila dini husikika wakinong'ona. Faragha ataikosa, maana mtu anayekaa peke yake na mlango umefungwa hudhaniwa mgonjwa, na jirani mwema ataingia amwangalie. Nguo zake akitaka kuzifua mwenyewe atamnyima mtu riziki, na akiwa mwanamume akaonekana na mtungi kisimani ataacha hadithi nyuma yake.

Wa siku hizi wana shida nyingine, za karatasi. Sheria inataka kila mwalimu aandikishwe na Tume ya Kuajiri Waalimu, TSC. Anayeajiriwa hutafuta kibali cha daraja D, mmisheni na mtu wa hisani daraja I, na atakayekaa zaidi ya siku 90 hupaswa kuwa na kitambulisho cha mgeni kutoka Idara ya Uhamiaji. Na hao wanaohitaji kukaa wamepungua. Shahada za ualimu sasa zinatolewa hapa hapa, Chuka na Embu na katika chuo kikuu cha Kimethodisti cha Meru, na wahitimu ni wengi kuliko nafasi, hata mwalimu kijana wa Kiingereza kutoka Runyenjes anaweza kungoja miaka kabla ya TSC kumwajiri. Peace Corps ilisimamisha kazi yake Kenya mwaka 2014 kwa ajili ya usalama.

Wanaokuja sasa ni wa wiki nne au sita, waliolipa nauli yao na ada kwa shirika lililowaleta, nao huja kwa nia njema na simu zenye picha nyingi. Sitaki kuwabeza. Lakini wiki sita hukwisha zote ndani ya ile heshima, katika kiti kile kilicho bora, na mwalimu mkuu niliyemuuliza anavyowapanga alinijibu bila ya kuona haya kwamba kidato cha nne hawapi, kwa sababu ya mtihani. Alikuwa akiwapa kidato cha kwanza, somo la kusoma kwa sauti, na mwalimu wa zamu wa kukaa nyuma ya darasa awafasirie wanafunzi wakati mgeni amekwenda kunywa chai.